Chumvi kala chumvi nyingi: saratani ya paka mzee kwa lugha ya nyumbani

Julai ni mwezi ambao upepo wa Dodoma unakuingizia vumbi mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Asubuhi moja ya mwezi huo mama aliona kigaga kwenye ncha ya sikio la Chumvi, akasema, "Huyu kapigana tena." Tukampaka GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, tukaendelea na shughuli.

Chumvi ni paka dume, mweupe pe. Alifika kwetu Nkuhungu juu ya magunia ya mahindi yaliyotoka Kibaigwa, mdogo wa kuenea kwenye kikombe cha uji, akapewa kazi ya kuyalinda mahindi hayo hayo na panya. Leo ana miaka 14, na utani wa nyumbani ni kwamba Chumvi kala chumvi nyingi.

Kigaga kilikauka, kikabanduka, kikatoa damu kidogo, kikarudi. Agosti hivyo, Septemba hivyo, Oktoba hivyo. Sikio likawa la zambarau hata watoto wa jirani wakadhani tunampamba. Novemba, ncha ikiwa imeliwa kama jani lililopitiwa na kiwavi, tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Alilishika sikio kwa vidole viwili, akaligeuzia mwanga, kisha akaitazama na pua.

"Mama, hiki hakikuwahi kuwa kidonda cha kupigana. Nitachukua kipande kikapimwe, ila naona kama saratani ya ngozi."

"Saratani? Hii hii ya watu, mwanangu?"

"Hii hii, mama."

Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali yale yale bombani, kijiweni kwa bodaboda na kwenye vikao vya ukoo. Inaambukiza? Ni ile chanjo ya kichaa cha mbwa? Mbona msimpe Panadol? Na lile la mwisho, linaloulizwa kwa kucheka: mnahangaika hivyo kwa ajili ya paka? Nimeona niyajibu yote kwa pamoja.

Maneno kwanza

Uvimbe ni uvimbe tu. Kitu chochote kilichotuna mwilini ni uvimbe, na paka hupata wa aina nyingi. Ulio wa kawaida kuliko wote kwa paka anayezurura ni jipu: kang'atwa na mwenzake, jino limeacha uchafu chini ya ngozi, baada ya siku chache panavimba, pana moto, ukigusa anafoka. Likipasuka linatoa usaha na harufu ambayo hutaisahau. Hilo linatibika. Kwa hiyo mtu akikwambia paka wake ana uvimbe, usimpe pole ya msiba.

Saratani ni jambo la seli. Mwili wa paka, kama wetu, umejengwa kwa seli ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila seli ina wakati wa kuzaliwa, kazi yake, na wakati wa kufa ipishe nyingine. Saratani ni pale seli moja inapoharibika kwenye maagizo yake ya ndani, ikaacha kusikia neno "basi". Inajigawa, watoto wake wanajigawa, na hakuna anayekufa kwa zamu yake. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni kaa, yule wa pwani. Wasomaji wa falaki wanalijua kama jina la buruji. Matabibu wa Ugiriki ya kale nao waliuita ugonjwa huu kaa, na ukiona unavyotambaa na kung'ang'ania nyama utaelewa kwa nini.

Sasa, si kila uvimbe wa seli zilizozidi ni saratani, na hapa mfano wa shamba unasaidia kuliko maneno ya hospitali. Kuna uvimbe ulio kama kiazi kitamu: unanenepa, unalinyanyua tuta, lakini unabaki kwenye tuta lake. Ukiuchimbua umekwisha. Saratani ni ndago. Aliyelima anaijua ndago. Unang'oa majani, unajisifu, wiki mbili baadaye imechipuka pale pale na hatua moja pembeni, kwa sababu chini ya udongo ilishapitisha nyuzi na kuacha vitunguu vyake. Ndiyo maana daktari akikata saratani hukata na nyama nzima inayoizunguka. Mwenye paka anaona kama kaonewa, kidonda kilikuwa kidogo na kilichokatwa ni kikubwa. Anaitafuta ndago isiyoonekana.

Kusambaa ni pale seli hizo zinapopanda damu au maji ya tezi kama abiria, zikashuka mbali: kwenye mapafu, kwenye ini. Na tiba shufaa ni matibabu ya kumpunguzia mgonjwa mateso pale ambapo kuponya hakuwezekani. Neno hilo la mwisho lishike, tutalirudia.

Kwa nini sikio, kwa nini pua, kwa nini Dodoma

Saratani ya paka si ugonjwa mmoja, na hapo ndipo ushauri wa mitaani unapopotosha. Paka wa shangazi alikufa ndani ya mwezi. Paka wa rafiki yako alikatwa akaishi miaka. Wote "saratani".

Ya Chumvi ilitokana na jua. Dodoma ipo kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei mpaka Novemba tunakaa miezi bila wingu la maana. Paka mweupe hana rangi ya kumkinga kwenye ngozi, na sehemu zenye manyoya machache ndizo zinazoungua: ncha za masikio, pua, kope. Ni jambo lile lile linalowafanya ndugu zetu wenye ualbino wavae kofia pana na mikono mirefu. Tofauti ni kwamba Chumvi kwa miaka 14 alichagua kulala juu ya ukuta saa sita mchana, na hakuna aliyemvalisha kofia.

Habari njema ya aina hii ni kwamba haina haraka ya kusafiri. Hula pale ilipo kwa muda mrefu kabla haijaenda mbali. Ikikamatwa kwenye sikio mapema, sikio likakatwa chini ya ugonjwa, paka wengi huishi mwaka na zaidi bila kurudi tena kwenye meza. Wanabaki na masikio mafupi ya mviringo kama nguchiro, na wao hata hawajui kama sura imebadilika. Sisi tulipoteza miezi minne kwenye GV. Nalisema hili bila kujipiga kifua, ila pia bila kujificha: kidonda kwenye sikio au pua ya paka mweupe ambacho hakijapona kwa wiki tatu si cha kupakwa, ni cha kupelekwa.

Nyingine nizipitie haraka. Ipo ya matumbo, ambayo kwa paka wazee huja polepole: anakonda, anatapika, anaharisha, na mwenye paka ananunua dawa ya minyoo mara tatu. Ile inayokwenda taratibu hutulizwa kwa vidonge, na wapo wanaoishi miaka miwili au zaidi baada ya kugundulika. Ipo ya matiti kwa majike, na hii usiipuuze hata ikiwa ndogo kama punje ya choroko, kwa kuwa kwa paka uvimbe wa titi mara nyingi, yapata 8 kati ya 10 au zaidi, ni saratani kweli. Jike aliyefungwa uzazi kabla ya joto la kwanza, yaani kabla hajaanza kutaka dume, anaiepuka kwa kiasi kikubwa. Ya mdomoni ndiyo mbaya: mate yanatiririka, harufu, taya linavimba, na muda huwa ni miezi michache.

Na kukonda peke yake hakuthibitishi chochote. Figo, kisukari, tezi ya shingo iliyozidi kasi, meno mabovu, vyote humkondesha paka mzee. Kipimo ndicho kinachosema: daktari huchoma sindano nyembamba kwenye uvimbe akavuta seli, au hukata kipande, vikaangaliwa kwenye hadubini. Kama kliniki ya karibu haina uwezo huo, sampuli inaweza kupelekwa maabara. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, kiasi cha kilomita 260 kutoka hapa, kinafundisha madaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama. Muulize daktari wako, usione haya eti ni paka.

Yanayosemwa bombani

"Inaambukiza." Hapana. Seli za saratani za Chumvi haziwezi kukuota wewe, wala mtoto anayelala naye, wala paka wa jirani. Kuna virusi vinavyohama kati ya paka na paka kwa mate na kung'atana, ambavyo baadaye vinaweza kuzaa saratani ya damu au tezi, na hivyo havimpati binadamu. Kuosha mikono baada ya kushika kidonda ni usafi wa kawaida tu.

"Ni chanjo." Hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana haliishi. Ipo saratani inayoweza kuota mahali paka alipochomwa sindano, na ni nadra sana. Madaktari wana kipimo rahisi cha kuangalia uvimbe wa aina hiyo: kama upo bado baada ya miezi 3, au umezidi sentimita 2, au unazidi kukua mwezi 1 baada ya sindano, upimwe. Kichaa cha mbwa kwa upande wake kinaua, kwa paka na kwa mtu, dalili zikishaanza hakuna kurudi. Ukiweka mizani hiyo, mpeleke paka akachanjwe.

"Mpe Panadol." Hapa naomba unisikilize hata kama mengine yote utayaruka. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua paka, hata nusu yake. Ini la binadamu lina njia ya kuifunga dawa hiyo na kuitoa nje; ini la paka karibu halina njia hiyo, kwa hiyo dawa inageuka sumu na kuiharibu damu ishindwe kubeba hewa. Ufizi unakuwa wa kahawia au bluu, uso unavimba, anahema. Dawa nyingine za watu za maumivu zina hatari zake vilevile. Daktari ana dawa za paka, na anazipima kwa kilo. Usimpake pia maji ya kuogeshea ng'ombe, maana nyingi ya dawa hizo za kupe ni sumu kwa paka, wala losheni ya jua ya watu, kwa sababu kila unachompaka paka umemlisha, atajilamba.

"Paka ana roho ngumu." Ndiyo, tunasema mtu ana roho ya paka, na usemi huo umewaponza paka wengi. Paka hana roho ngumu, ana mdomo mgumu. Mwituni anayeonyesha maumivu huliwa, kwa hiyo huficha. Maumivu yake yanasomwa pembeni: ameacha kujilamba na manyoya yamegandana, macho yanafumba nusu, masikio yameinamia nje, amejikunja kama mkate na kichwa kipo chini ya mabega, harukii tena dirisha alilokuwa akirukia, anajificha chini ya kabati. Kukoroma kwa raha nako kusikudanganye, wakati mwingine paka hukoroma akiwa na maumivu.

Baada ya jibu kutoka

Sikio la kushoto la Chumvi lilikatwa. Lilipona vizuri. Pua ndiyo iliyokuwa imechelewa, na kwa paka wa miaka 14, ambayo kwa hesabu ya madaktari ni kama mzee wa miaka 72, daktari hakutaka kuendelea na kisu. Ukisoma mtandaoni utakuta paka wa Marekani wanaopigwa mionzi na kuandikiwa dawa kwa ratiba ya miezi sita. Sikukatazi kusoma, ila ukimaliza, funga simu umuulize daktari wako maswali matatu: tukiacha itakuwaje, tukitibu ataishi vipi, na itagharimu kiasi gani. Swali la pesa liulizwe siku ya kwanza. Nyumba yenye ada za shule na deni la mbolea ina haki ya kusema "hapa ndipo tunapofikia", na kusema hivyo hakupunguzi mapenzi hata kidogo.

Kwetu ikawa tiba shufaa. Kwa vitendo ni mambo madogo madogo. Dawa ya maumivu kwa saa yake. Dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwake, wakapondwa na kutiwa maji ya vuguvugu. Pua ikiharibika paka hanusi, na asiponusa hali. Joto ndilo linaloipandisha harufu. Akikataa chakula siku mbili mfululizo usisubiri ya tatu, kwani paka asipokula, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini na kuliziba. Mama alimhamishia gunia lake la kulalia kivulini, sanduku la mchanga likasogezwa karibu. Ukuta ule wa saa sita tuliuwekea matofali asipande. Ameninunia mpaka leo.

Watu ndio waliokuwa wagumu kuliko kumuuguza. Jirani mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alimwambia mama, "Si umtupe tu kule korongoni, atamalizwa na fisi." Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kumtelekeza mgonjwa kwa fisi ni ukatili hata kusingekuwa na sheria. Mama hakutaja sheria. Alisema, "Paka wa nyumba haingwa," akaendelea kuchambua mlenda. Shemeji yangu, ambaye msikitini hukaa safu ya mbele, naye alimkumbusha jirani kwamba yumo sahaba wa Mtume aliyejulikana kwa jina la Abu Huraira, baba wa kipaka. Jirani akanyamaza, ila nadhani ni kwa heshima ya shemeji.

Kulia kabla ya kifo kunachosha kwa namna yake. Unamtazama anakula, unafurahi, na papo hapo unahesabu. Mimi nililia jikoni, peke yangu, nikasingizia moshi. Ningeshauri mtu amwambie walau mmoja nyumbani, na watoto waambiwe ukweli kwa maneno yaliyonyooka: Chumvi anaumwa, dawa inampunguzia maumivu, haitamponya. Ukimwambia mtoto kwamba paka "amesafiri", atakaa barazani akimngoja.

Kopo mbili

Swali linalowatesa wengi ni lini. Ukiishi na mgonjwa kila siku macho yanazoea, na kumbukumbu inasema "mbona juzi alikula" wakati juzi ilikuwa wiki iliyopita. Mama alipata njia yake. Aliweka kopo mbili juu ya kabati, na mfuko wa mbegu za ubuyu zilizokwisha kumung'unywa na kuoshwa. Kila jioni tunakubaliana: leo amekula? Amejilamba? Amekuja mlangoni mtu aliporudi? Amelala bila kuhangaika? Siku ikiwa nzuri, mbegu inakwenda kopo la kulia. Ikiwa mbaya, la kushoto. Kushoto kukianza kujaa kwa kasi kuliko kulia, tutampigia daktari.

Na daktari akija, atafanya nini? Watu husema "kumchoma sindano ya sumu", nami nadhani maneno hayo yanawaogopesha bure. Ni dawa ya jamii ya zile za usingizi, kwa kiwango kikubwa. Anasinzia kwanza, halafu moyo unasimama, mara nyingi ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi, na misuli inaweza kutikisika kidogo baadaye. Jiandae kwa hilo, hana anachosikia. Unaweza kuwa umemshika. Wapo ambao imani au moyo wao haukubali njia hii, na hao wahakikishe dawa ya maumivu haikosekani mpaka mwisho, maana kumwachia Mungu si kumwachia maumivu.

Jambo moja halisemwi na linapaswa kusemwa. Dawa hiyo hubaki kwenye mwili. Mbwa au fisi akifukua na kula, naye anaweza kufa. Kwa hiyo shimo liwe refu, mita moja hivi, na juu yake mawe. Anayeijua ardhi ya Dodoma anajua kuwa Septemba hilo ni shimo la siku nzima na mtalimbo. Ndiyo maana Aprili hii, mvua za mwisho zikiwa bado zimeacha udongo laini, mdogo wangu alisema bora tulichimbe mapema, tulifunike na bati. Akachagua chini ya mwarobaini. Sikwenda kutazama, nilibaki dirishani.

Alipofika usawa wa kiuno akatoka kunywa maji. Chumvi alitoka kivulini, akatembea kwa mwendo wake wa siku hizi wa kusimama kila hatua tatu, akafika kwenye lundo la udongo mpya. Akanusa kwa pua yake hiyo hiyo. Akakwangua kwa mguu mmoja, akageuka, akachuchumaa, akakojoa kwa utulivu wa mwenye nyumba, kisha akafukia na kurudi zake kulala.

Jioni hiyo hatukujadili. Mama alichukua mbegu akaitia kopo la kulia.